Jibu: Mashine inaganda saa nane usiku, na sasa diski za bcachefs hazifunguki. Usifomati kwanza

Mkuu, nimekusoma mara mbili. Kwa wanaofika sasa hivi: jamaa ana mashine ya ofisini yenye diski mbili za TB 4 na SSD ya keshi, zote tatu zimeunganishwa kwa bcachefs, mfumo wa faili wa Linux, yaani utaratibu wa kupanga data diskini. Mfumo endeshi uko kwenye SSD nyingine ndogo. Kwa wiki tatu mashine imekuwa ikiganda kati ya saa nane na saa tisa usiku. Asubuhi anaikuta imekufa, anabonyeza kitufe, inawaka kama haijatokea kitu. Juzi akaapdeti kerneli, kiini cha Linux, akitegemea dawa, na sasa diski zinakataa kabisa, anaambiwa `unknown filesystem type 'bcachefs'`. Rafiki yake amemshauri afomati aweke ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, aanze moja, naye anauliza kama ahamie huko. Bakapu ya mwisho ina miezi minne.

Usifomati. Huyo rafiki mshukuru kwa nia njema, lakini kibodi usimpe.

Una matatizo mawili yasiyojuana, na hili la pili linalokutisha ndilo jepesi. Bcachefs iliingia kwenye kerneli ya Linux toleo la 6.7, Januari 2024, ikiwa imebandikwa alama ya majaribio tangu siku ya kwanza. Baadaye Kent Overstreet, aliyeiandika, na Linus Torvalds wakashindwa kuelewana kuhusu marekebisho makubwa kupelekwa wakati dirisha la kupokea mabadiliko ya kerneli likiwa limeshafungwa. Kwenye 6.17 ikatangazwa kwamba inatunzwa nje ya kerneli, na kwenye 6.18 ikaondolewa. Kwa hiyo ujumbe unaouona una maana moja tu: kerneli yako mpya haiijui hiyo lugha. Diski haijaguswa. Ni kama kumpa barua ya Kiarabu mtu asiyesoma Kiarabu halafu useme barua imeharibika.

Washa mashine, kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla Linux haijaanza, chagua kerneli ya zamani. Kama umeshaifuta, weka moduli ya bcachefs kwa njia ya DKMS, inayoijenga moduli juu ya kerneli uliyonayo, pamoja na kifurushi cha bcachefs-tools. Kerneli mpya haikuwahi kuzifungua hizo diski, hivyo muundo ulioandikwa juu yake haujapandishwa toleo na ile ya zamani itazisoma bila ubishi. Ila usizifungue kwa mazoea. Fungua hivi:

`mount -t bcachefs -o ro,nochanges /dev/sdb:/dev/sdc:/dev/sdd /mnt/data`

Hilo neno `nochanges` lina kazi. Ukiandika `ro` peke yake, bado mfumo unaweza kuandika diskini wakati unapitia daftari lake la miamala, ile sehemu unapoorodhesha kwanza unachokusudia kufanya ili umeme ukikatika ujue uliishia wapi. Ukiongeza `nochanges`, marudio yote yanafanyika kwenye kumbukumbu tu na diski haiguswi hata kwa herufi moja. Zikifunguka, nakili kila chenye thamani kwenda diski ya nje kabla hujaendelea kusoma hapa. Sitanii. Nenda, uje.

Sasa tatizo lenyewe, kuganda.

Mimi pale Tandika tuna studio ndogo, picha na video za harusi, sendofu, kichen pati, na wikiendi moja nzuri inaingiza GB 600. Niliweka bcachefs mwanzoni mwa 2024 kwenye kompyuta ya mtumba yenye GB 16 za RAM, kwa sababu zile zile za kwako: nilitaka SSD iwe mbele na diski kubwa nyuma, nakala mbili za kila faili, na cheksamu, namba ya kuhakiki kwamba data haijabadilika, juu ya kila kitu. Miezi mitatu ilikuwa raha. Mwezi wa nne nikaanza kuona mfumo unajigeuza wenyewe kuwa wa kusoma tu, katikati ya kazi, mhariri anapiga kelele chumba cha pili kwamba mradi hausevu.

Hapo nikafanya kosa ninalotaka usilifanye. Nilizima, nikawasha, nikaendesha `bcachefs fsck`, kikaguzi cha mfumo wa faili, moja kwa moja kwenye diski halisi, na kila iliponiuliza kama irekebishe nikabonyeza `y`. Mara kumi na moja. Ilikuwa inaniambia kuna vipande vya data ambavyo ni mali ya faili isiyokuwepo, na mimi nikaona ni takataka, zifutwe. Mara ya kumi na mbili ndipo nilipochoka kubonyeza nikaanza kusoma.

Kila faili ina namba yake ndani ya mfumo. Zile namba za faili "zisizokuwepo" zilikuwa zote milioni nne na kitu, ilhali namba za faili zangu zilikuwa za makumi ya maelfu. Ya kwanza kwenye terminali ilisomeka 4203811. Nikapanda juu, nikaandika zote kumi na mbili nyuma ya risiti ya mafuta ya jenereta, nikaziangalia. Kisha nikatoa: 4203811 kutoa 4194304, inabaki 9507. Hiyo 4194304 si namba ya kuokota, ni 2 kwa kipeo cha 22. Yaani ukiichukua namba 9507, ukageuza biti moja tu kutoka sifuri kuwa moja, unapata 4203811. Nikaandika:

`find /mnt/data -inum 9507`

Ikanijibu kwa jina la video ya sendofu ya wiki iliyopita. Nikaifungua. Inakwenda vizuri mpaka pale mama mzazi wa bibi harusi anaposimama kutoa nasaha, picha inapasuka vipande vya kijivu, sauti inakatika, halafu inarudi akiwa ameshamaliza sentensi. Kipande kilichopotea ndicho nilichokibonyezea `y`. Kadi ya kamera ilikuwa imeshafutwa na kurekodiwa kazi nyingine. Simu niliyompigia mteja sitaisimulia hapa.

Kati ya zile kumi na mbili, kumi zilitofautiana na faili halisi kwa biti hiyo hiyo ya 22. Diski inayokufa haiharibu hivyo. Ikiharibu, inaharibu sekta nzima, na cheksamu ingeshtuka papo hapo kwa sababu ilichosoma si kile kilichoandikwa. Hapa cheksamu zilikuwa safi kabisa, kwenye diski zote mbili. Maana yake namba iliharibika kabla haijapigiwa cheksamu, ikiwa bado kwenye RAM, na mfumo kwa uaminifu wake wote ukaulinda uongo huo kwa nakala mbili.

Nikawasha Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku. Raundi ya kwanza ikapita, nikaanza kujiona mjinga. Nikaiacha, nikaenda kulala. Asubuhi kioo kilikuwa chekundu: thamani iliyotarajiwa na iliyosomwa zilitofautiana tarakimu moja, 4 ilikaa mahali pa 0, na ukihesabu sifuri zinazofuata baada yake unafika `00400000`. Hiyo ndiyo biti ya 22 kwa hesabu za kumi na sita. Nilicheka peke yangu ofisini kama mwendawazimu. Nilichomoa kijiti kimoja cha RAM, nikarudia jaribio usiku kucha, safi. Ile mashine ikaendelea na GB 8 miezi mingi na yale makosa hayakurudi tena.

Ndiyo maana nasema mfumo wa faili wenye cheksamu kwa kila kitu ni kama yule jirani anayepiga kelele za mwizi. Usimkamate yeye. Ningekuwa na ext4 wakati ule, ile RAM ingeniharibia kimya kimya mwaka mzima na nisingejua. Na hata hiyo ext4 tunayoikimbilia sote leo ilikuwa na utoto wake: iliingia kwenye kerneli 2006 kwa jina la ext4dev, alama ya majaribio ikaondolewa 2008, na 2009 watu bado walikuwa wanalia mashine ikizimika ghafla wanakuta faili zina ukubwa wa sifuri.

Basi, kuganda kwako. Kwanza tutofautishe, maana neno "imekufa" halinisaidii. Asubuhi ukiikuta hivyo, kabla ya kugusa kitufe cha umeme, chukua simu, uko kwenye mtandao ule ule, i-ping, yaani itumie ujumbe mfupi wa kuuliza kama ipo. Ikijibu, kerneli iko hai na shughuli zimekwama zikisubiri kitu, aghalabu diski. Isipojibu, bonyeza Caps Lock uangalie taa. Taa isipobadilika, kerneli imekwenda. Hizi ni safari mbili tofauti kabisa, na dakika moja ya ping inakuokolea wiki.

Mashine yangu ilipoanza kuganda, miezi kadhaa baada ya RAM, ilikuwa inajibu ping. Kila ukiangalia logi asubuhi kwa `journalctl -k -b -1` unakuta imekatika saa tisa kasoro, hamna kosa lolote, kimya. Hili huwachanganya wengi, kwani wanadhani kimya maana yake hakuna kilichotokea. Logi nayo ni faili, mkuu. Kama njia ya kwenda diskini imeziba, habari ya kuziba kwake itaandikwa wapi? Wewe mfumo endeshi wako uko kwenye SSD nyingine, una nafuu, ila mashine ikiganda yote logi za sekunde za mwisho hazifiki hata huko.

Dawa yake inaitwa netconsole. Ni moduli ya kerneli inayorusha ujumbe wa kerneli nje kupitia waya wa mtandao, bila kupita kwenye diski. Kwenye mashine mgonjwa:

`dmesg -n 8`
`modprobe netconsole netconsole=@/enp3s0,6666@192.168.1.20/`

Badilisha jina la kadi ya mtandao na anwani ziwe zako. Kwenye laptopu ya pili, hiyo 192.168.1.20, acha `nc -u -l 6666` ikimwaga kwenye faili, usiizime usiku. Tumia kebo, kwa Wi-Fi usijisumbue. Ule mstari wa kwanza usiuruke, mimi niliuruka siku ya kwanza nikapata faili tupu nikamlaumu netconsole.

Siku ya pili nikakamata. Watu wengi wakiipata logi wanakimbilia mstari wa kutisha, ule wa `task rsync blocked for more than 120 seconds` (rsync ndiyo programu ya kunakili bakapu) na orodha ndefu ya `Call Trace`, hatua ambazo kerneli ilikuwa inapitia, yenye maneno ya bcachefs ndani yake, wanasema hawa hapa wauaji. Panda juu. Dakika mbili nzima kabla ya huo mstari, mimi nilikuwa na hii:

`ata3.00: failed command: FLUSH CACHE EXT`
`ata3: hard resetting link`

Ikajirudia mara sita. Yaani diski iliyochomekwa kwenye mlango wa ata3 iliambiwa "hakikisha ulichopokea kimeandikwa kweli", ikanyamaza, kerneli ikakata na kuunganisha upya, ikanyamaza tena. Bcachefs ilikuwa kwenye foleni ikisubiri jibu, na rsync nyuma ya bcachefs, na kila kitu nyuma ya rsync. Nikaendesha `smartctl -a`, inayosoma hesabu za afya ambazo diski hujiwekea, kwenye ile diski. Namba 5 na 197, zinazohusu sekta mbovu, zilikuwa sifuri. Namba 199 ilikuwa inapanda kila siku, na hiyo huhesabu makosa ya njiani, kati ya diski na madabodi. Waya wa data. Kitu cha elfu chache. Ulikuwa umebanwa na mfuniko wa kasha tangu siku nilipobadilisha RAM, kwa mikono yangu mwenyewe. Mchana haukuwa na shida kwa sababu mchana diski hizi zinapumua. Usiku bakapu ikianza zote zinafanya kazi kwa nguvu na waya unashindwa.

Sasa jiulize, kwako saa nane usiku kuna nini? Angalia `systemctl list-timers` na `crontab -l`. Nitashangaa sana ukikosa bakapu, au uchambuzi wa diski, au ufutaji wa snapshoti (nakala za papo hapo za hali ya faili) za zamani, umepangwa saa mbili kwa saa ya kompyuta. Na kama moja ya hizo diski iko kwenye kasha la USB, hujasema, basi tafuta maneno `uas_eh_abort_handler` na `reset SuperSpeed USB device`. Makasha ya bei rahisi yana tabia ya kusema "nimeandika" wakati bado yameshika mkononi. Mfumo wa aina hii, usioandika juu ya data ya zamani bali huandika pembeni kisha kugeuza kielekezo, unategemea ukweli wa jibu hilo kuliko kitu kingine chochote. Akidanganywa hapo, umeme ukikatika, kielekezo kinaelekeza hewani. Kwetu hata umeme hauhitaji kukatika, kuna usiku luku iliisha na hakuna aliyekumbuka kununua. UPS tulinunua wiki hiyo hiyo.

Kama logi ya usiku haina ata, haina USB, RAM imepita usiku mzima wa Memtest, na bado unaona `Call Trace` au `BUG:` na jina la bcachefs kwenye mstari wa `RIP`, unaoonyesha kerneli ilikuwa wapi ilipokwama, hapo sawa, huenda ni hitilafu ya mfumo wenyewe. Ilinitokea mara moja tu, wakati wa kufuta snapshoti mia na kitu kwa mkupuo. Nilipokwenda kuripoti nikakuta marekebisho yameshaingia kwenye toleo lililofuata, mimi ndiye nilikuwa nimekaa na la zamani. Kwa mfumo wa majaribio usibaki nyuma matoleo matatu halafu ulalamike. Lakini pia usirukie toleo jipya ukiwa na mgonjwa mezani, kama ulivyofanya juzi, maana umebadilisha vitu viwili kwa mpigo na sasa hujui kipi ni kipi.

Kuhusu fsck, utaratibu wangu siku hizi ni huu. Kwanza `bcachefs show-super` kwenye diski moja, usome toleo na sehemu ya makosa, kwa sababu mfumo hujiwekea kumbukumbu ya aina za makosa uliyokutana nayo na idadi yake. Halafu `bcachefs fsck -n`, hiyo inakagua bila kurekebisha, na matokeo yote unayaelekeza kwenye faili. Unayasoma yote ukiwa na chai. Kama kuna kitu usichokielewa, unanakili diski nzima nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski, kwenda kwenye faili kubwa na kufanya majaribio juu ya nakala. Angalizo moja hapo: nakala ina utambulisho ule ule wa diski halisi, kwa hiyo chomoa diski halisi kabla ya kuifungua nakala, la sivyo mfumo unaweza kuchanganya mbili hizo ukadhani ni ndugu wa kundi moja. Ukishaona marekebisho yamekwenda salama kwenye nakala, ndipo unagusa ya kweli. Najua TB 4 mara mbili ni nafasi kubwa na si kila mtu anayo. Azima. Mimi niliazima diski kwa fundi wa kamera za ulinzi, nikamrudishia na soda.

Na swali lako la mwisho, kama uhamie ext4. Kwa data za ofisi ambazo bakapu yake ina miezi minne, ndiyo, hamia, baada ya kuzinakili na baada ya kujua kinachokugandisha ni nini. Ukihamia kabla, utabeba waya ule ule au RAM ile ile, na safari hii hutakuwa na wa kupiga kelele. Mimi nimebaki na bcachefs kwenye mashine ya kuhaririia tu, na kila usiku inamwagwa kwenye boksi lingine lenye ext4 na diski moja kubwa isiyo na mbwembwe.

Leo usiku weka netconsole, na kesho asubuhi i-ping kabla ya kubonyeza chochote. Ukiikamata ile logi ibandike hapa, mistari hamsini ya kabla ya `Call Trace`, usiikate, na uweke namba 5, 197 na 199 za diski zote mbili. Niko kazini mpaka jioni.